Kuona na Kuonekana: Picha za Dirishani Ukambani

Mwambie fundi wa magari pale Emali kwamba kioo cha gari lako kimevunjika, naye atakuuliza kwanza: kioo kipi? Cha mbele, cha mlango, au cha pembeni? Viwili vya kwanza huyapitisha macho yako yakaenda zake. Cha tatu huyarudisha nyuma. Lugha yetu imeviita vyote vioo, na fundi hajawahi kutatizika, kwa sababu swali lake huja papo hapo. Tatizo liko kwetu sisi tunaoandika. Kila mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya amekariri kwamba fasihi ni kioo cha jamii, lakini sijasikia mwalimu akiulizwa: kioo kipi? Kile ambacho jamii hujitazama ndani yake, au kile ambacho kwacho mpita njia huichungulia jamii bila kuingia?

Swali hilo limenikaa kwa sababu ya picha. Barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, reli ya zamani na reli mpya ya SGR zote zinaipasua kaunti ya Makueni, Ukambani, kupitia Emali, Makindu, Kibwezi hadi Mtito Andei. Wasafiri wasio na idadi huvuka nchi hiyo simu zao zikiwa zimeegemezwa kwenye dirisha. Kwa wengi wao, Ukambani ni kitu walichokipiga picha kupitia kioo, gari likienda. Picha hizo huishia magazetini, katika simu za jamaa, katika taarifa za njaa na za utalii, na chini yake huandikwa maneno machache ya Kiswahili. Ni maneno hayo machache ninayotaka kuyashika mkononi na kuyageuza, kwa sababu naamini Kiswahili kinajua mambo kuhusu kuona ambayo waandishi wa maelezo ya picha hawajayatumia.

Nianze na dirisha. Neno hili limetufikia kutoka Uajemi, ambako dariche ni mlango mdogo. Kamera nayo, kwa asili ya jina lake ya Kilatini, ni chumba. Chumba chenye giza na tundu moja la kuingiza nuru. Mlango mdogo na chumba chenye giza vilikutana mapema sana. Picha ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani ilipigwa na Mfaransa Nicéphore Niépce mnamo 1826 au 1827, kutoka dirisha la juu la nyumba yake katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes. Mwingereza William Henry Fox Talbot alifuata mnamo Agosti 1835 katika jumba la Lacock, na negativu yake, kongwe kuliko zote zilizobaki, ni ya dirisha lenyewe na vijumba vyake vya vioo. Upigaji picha ulizaliwa dirishani.

Picha ya Niépce ina jambo jingine ambalo hunivuta kila ninapoitazama. Alihitaji kuacha nuru iingie kwa muda mrefu mno, saa baada ya saa, na jua likawa linasafiri angani wakati wote huo. Matokeo yake ni kwamba kuta za pande zote mbili za ua zimeangazwa, ule wa mashariki na ule wa magharibi, kwa pamoja. Hakuna jicho la binadamu lililowahi kuuona ua ule hivyo. Tangu siku yake ya kwanza kamera ilitoa kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona, na watu wakakiita ushahidi.

Sasa turudi kwenye kioo chenyewe. Kioo safi cha dirisha, ukikitazama moja kwa moja, hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake. Kina nyuso mbili, wa ndani na wa nje, kwa hiyo karibu asilimia 8 ya mwanga hurudi ulikotoka. Dirisha lenye vioo viwili vilivyopangwa sambamba lina nyuso nne, na huzaa vivuli viwili viwili vya kila taa. Na ukikitazama kioo kwa mshazari mkali, kiasi kinachorudi huongezeka sana. Kwa maneno mengine, hakuna kioo cha kupitisha tu wala cha kurudisha tu. Kinachoamua ni upi upande wenye mwanga zaidi. Mchana nje kukiwa kweupe na ndani kuna kiza, utaona nje. Usiku taa zikiwashwa ndani, utajiona wewe. Fundi wa Emali na mwanafizikia wanakubaliana kwamba jina moja linatosha.

Panda treni ya asubuhi kutoka Nairobi, ile inayosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, uone mambo haya yakitendeka. Treni inaelekea kusini-mashariki. Jua liko kushoto kwako. Upande wa kulia, ambako vilima vya Chyulu vimejipanga na ambako Kilimanjaro hujitokeza asubuhi ikiwa njema, nuru imeangukia nchi vizuri, na wapigapicha wote huhamia huko. Lakini jua lile lile linaloingia kwa madirisha ya kushoto huwaangaza abiria, na abiria walioangazwa huangukia kwenye kioo cha kulia. Ukija kuitazama picha yako jioni, utakuta shati jeupe la jirani yako limetandazwa juu ya Chyulu, na mkono wako mwenyewe na simu yako vikielea juu ya mibuyu ya Kibwezi.

Wajuzi wana dawa zao. Bandika lenzi kwenye kioo kabisa, uzungushe leso nyeusi kuziba mwanga wa ndani. Vaa rangi nyeusi. Kipo pia kichujio cha kuzungusha mbele ya lenzi, kinachokata mng'ao. Ukisimama sawasawa mbele ya kioo hakifui dafu, lakini ukitazama kwa mshazari, nyuzi 56 hivi kutoka mstari unaokiingia kioo wima, humeza karibu mng'ao wote. Dawa zote hizi zina lengo moja: kumwondoa mpigapicha kwenye picha yake. Nazielewa. Ila sikubali kwamba picha iliyosafishwa hivyo ni ya kweli kuliko ile yenye shati la jirani. Imeficha tu kwamba palikuwa na mtu.

Kile kinachorudi kutoka kwenye kioo, istilahi yake ya vitabuni ni akisi, na tendo lake ni kuakisi. Asili ni Kiarabu, ambako aksi ni kinyume, kilichogeuzwa. Neno hili ni zuri na linabeba fizikia yake ndani: taswira ya kioo kweli imegeuzwa. Mitaani halijashika, na sidhani ni kosa la mtu yeyote, kwa sababu kitenzi cha kawaida, kurudisha, kinafanya kazi ile ile bila kelele. Kioo kinarudisha. Mimi huvitumia vyote viwili, akisi kwa kile kinachoonekana na kurudisha kwa kile kioo kinachofanya.

Treni ya zamani ya abiria, iliyokoma mwaka 2017 kabla ya treni ya SGR, Madaraka Express, kuanza mwishoni mwa Mei mwaka huo huo, iliondoka Nairobi jioni na kuivuka Makueni gizani. Kwa miaka mingi, basi, waliosafiri kwa treni ile walipita nchi hii madirisha yakiwa yamegeuka ya kurudisha. Waliotazama nje walikutana na nyuso zao. Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo, na maana yake inajulikana na kila mtoto: kujiona. Mtu anayejiona ni mtu mwenye majivuno. Lugha imechukua tendo la kawaida kabisa la kukutana na sura yako mwenyewe, ikaligeuza kuwa shutuma. Kiambishi kimoja, -ji-, kinatosha kuhama kutoka kwenye macho hadi kwenye tabia.

Hapo ndipo utajiri mkubwa ulipo, kwenye kitenzi ona. Tunafundishwa kwamba ona ni kazi ya macho. Sivyo hata kidogo. Mswahili huona baridi, huona njaa, huona haya, huona uchungu na huona raha. Huona kwa ngozi, kwa tumbo na kwa moyo. Ukitaka kujua rai yake unamuuliza, unaonaje? Naye anajibu, naona tungoje mvua. Hakuna jicho lolote lililohusika. Kutokana na mzizi huo mmoja tuna maono ya mwotaji, maoni ya msomaji gazetini, na uoni anaoupima daktari wa macho. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hii hahitaji mwanafalsafa wa kumwambia kwamba kuona kuna mtu ndani yake. Kitenzi kimeshamwambia.

Vitenzi vingine vimegawana kazi kwa makini. Kutazama ni kuelekeza macho kwa kukusudia, ndiyo maana tukapata mtazamo. Kuangalia kuna uangalizi ndani yake, na ukipaza sauti, angalia!, imekuwa onyo. Nchini Kenya angalia imekula nafasi kubwa ya tazama, jambo ninalolisikitikia, maana tumepoteza tofauti kati ya anayeelekeza macho na anayetunza. Kushuhudia ni kuona kwa namna itakayokufunga mbele ya hakimu. Na kuchungulia ni kuona kwa mtu aliyesimama nje, kupitia tundu, ufa au dirisha. Mtu ambaye anajua fika kwamba hayumo ndani na pengine hatakiwi kuwamo. Kikamba nacho hutofautisha kuona na kutazama, kwona na kũsisya, kwa hiyo Mkamba anayeandika Kiswahili hana kisingizio. Anayepiga picha Makueni kutoka dirisha la basi anachungulia. Hilo ndilo jina sahihi la kazi anayoifanya, na sioni aibu ndani yake mradi litajwe.

Lakini maelezo ya picha hayatumii kuchungulia. Hayatumii hata kuona. Hutumia kuonekana. Mto unaonekana ukiwa umekauka. Wakazi wanaonekana wakitafuta maji. Mibuyu inaonekana kando ya reli. Wanasarufi huiita kauli ya kutendeka, ile ya mlango umefunguka na kikombe kimevunjika, ambamo tendo lipo na mtenda hayupo. Kauli hii ni stadi ya kuondoa watu. Ninaona ina mtu, ina mahali, ina saa, na inaweza kubishiwa: labda hukuona vizuri. Inaonekana haina mtu wa kubishana naye. Kitu kimejitokeza chenyewe, mbele ya ulimwengu wote, na hakuna kioo katikati.

Kaunti jirani ya Kitui inayo hadithi ya kweli inayohusu vitenzi hivi viwili, na ni kubwa kuliko hadithi ya picha yoyote ya treni.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai, alisafiri hadi Ukambani mwishoni mwa 1849. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani na ambaye makao yake yalikuwa Kitui. Kivoi alimweleza kuhusu mlima mrefu wenye weupe juu yake. Ulikuwa msimu wa mvua za vuli, mawingu yamejaa, na mlima uko takribani kilomita 150 kutoka Kitui. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakaachana, Krapf akauona: vilele viwili vilivyosimama kama nguzo juu ya mlima mpana, na vitu vyeupe juu yake. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka mmoja kabla, Mei 1848.

Habari zilipofika London, William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeheshimiwa na ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata. Theluji chini ya ikweta haiwezekani, kwa hiyo haikuonwa. Mabishano yaliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya Kilimanjaro na theluji ikamwangukia huko juu, na mwaka 1883 Joseph Thomson aliufikia ukanda wa Mlima Kenya na kuthibitisha yaliyosemwa. Katika mabishano yote hayo, walioupima ushahidi wa Krapf walipima macho ya Krapf. Kivoi na watu wake, ambao waliujua mlima ule kabla ya mgeni kufika na waliomwelekeza pa kuutazama, hawakuhesabiwa kuwa mashahidi. Wao waliona, Krapf aliona, na London ikataka mlima uonekane, bila mtu yeyote kati yake na ramani.

Kisha likaja jina. Krapf aliandika alivyosikia Kitui: Kegnia, Kenia. Wakamba waliuita Kiinyaa, na maelezo yanayotolewa mara nyingi hulihusisha jina hilo na nyaa, yaani mbuni, ndege ambaye dume lake ni jeusi lenye manyoya meupe mabawani na mkiani. Ukiutazama mlima huo kwa mbali, jabali jeusi na theluji nyeupe katika mikunjo yake, jina linakaa mahali pake. Wakikuyu, wanaoishi miguuni pake, wakauita Kirinyaga. Wameru, upande wa pili, Kirimaara. Wamaasai, Ol Doinyo Keri, mlima wenye mabaka. Kila jamii iliandika kwa jina kile ilichokiona kutoka mahali pake, na hakuna iliyokosea. Mwaka 1920 himaya ya Waingereza ilipogeuzwa kuwa koloni, nchi nzima ilipewa jina la mlima, kwa umbo lililotokana na masikio ya mtu aliyekuwa amesimama Kitui. Tunapotaja Kenya, tunataja mlima jinsi unavyoonwa kwa mbali, kutoka kusini-mashariki, siku mawingu yakiachana. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi jambo hili kila ninapopata nafasi, na kila mara huona wakinyamaza kulifikiria.

Krapf huyo huyo alikusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, na kamusi yake kubwa ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mtu aliyeshuhudia mlima na asiaminiwe ndiye aliyetuachia moja kati ya hazina za kwanza za maneno yetu. Katika lugha aliyoikusanya, kilichompata kingeweza kuelezwa kwa sentensi fupi: aliona, wakasema haonekani aliyeona.

Yapo maneno mawili mengine ambayo hayawezi kuachwa nje ya makala kama hii: mandhari na nadharia. Mandhari ni kile unachokiona dirishani, milima na bonde na anga. Nadharia ni fikra iliyopangwa kuhusu jambo, na wanafunzi wengi huliogopa neno hilo. Maneno haya mawili ni ndugu wa damu. Yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Miaka elfu moja iliyopita, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, aliandika kitabu chake kikuu cha elimu ya nuru na kukiita Kitab al-Manadhir, kwa mzizi huo huo. Humo alionyesha kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia machoni, si macho yanayotupa miale nje. Lakini hakuishia hapo. Alisema pia kwamba nuru ikishaingia, kazi bado haijakwisha: akili hulinganisha, hukumbuka, hukisia na kuhukumu, kwa haraka kiasi kwamba mtu hajui kwamba amehukumu. Kila mandhari ina nadharia ndani yake. Aliyeko dirishani ameshaamua anachokiona kabla kidole hakijagusa kitufe.

Na hukumu hiyo ya haraka, Ukambani, ina gharama. Chukua mto. Ukitazama kutoka kwenye basi au treni mwezi wa Septemba, mito ya Makueni na Kitui ni njia pana za mchanga mtupu. Kaiti, Thwake, Tiva, Thua: mchanga mweupe au wa kahawia, nyayo za ng'ombe, pengine lori linalochota mchanga. Mwenye kamera anapiga, na chini yake anaandika kwamba mto umekauka. Kioo hakikumdanganya. Nuru ilipita sawasawa. Lakini mchanga wa chembe kubwa una nafasi tupu kati ya chembe zake, takribani theluthi ya ujazo wake wote, na maji ya mvua zilizopita yamekaa humo, chini, mahali jua lisipoweza kuyafikia. Mama mwenye punda na mitungi anajua pa kufukua. Anachimba kisima cha mchangani kwa mikono na kibuyu, anangoja, maji yanachuruzika, anachota yakiwa yamechujwa na mchanga wenyewe.

Ujuzi huo umejengewa kuta. Bwawa la mchanga ni ukuta mfupi wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu, ukiwa umekaa juu ya mwamba. Mafuriko ya kila msimu huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na baada ya misimu kadhaa mtu akipita haoni bwawa, anaona mchanga zaidi. Kadiri bwawa linavyojaa ndivyo linavyozidi kufanana na ukame. Shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta kama hizo Kitui tangu miaka ya 1990, na Makueni nayo ina nyingi zilizojengwa na vikundi vya wanavijiji vilivyobeba mawe wenyewe. Sijui kazi nyingine yoyote ya mikono, katika nchi yetu, inayofichwa na mafanikio yake kiasi hicho. Picha ya dirishani ya bwawa la mchanga lililofaulu ni picha ya mto mkavu. Kwa kauli ya kutendeka, maji hayaonekani. Kwa kauli ya yule mama, maji yapo.

Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo hutumiwa kuhimiza heshima kwa kazi ya fundi wa jahazi. Mimi huisikia pia kama somo kuhusu kitenzi chake cha kwanza: ona, kisha uliza ni nani aliyeunda.

Mwendo nao una sehemu yake. Treni ikienda kilomita 120 kwa saa husogea mita 33 kila sekunde. Kilango cha kamera kikifunguka kwa sehemu ya 60 ya sekunde, treni imeshasogea zaidi ya nusu mita. Kwa hiyo kilicho karibu na reli, yaani nyasi, uzio, mbuzi, mtoto anayepunga mkono, huchakaa na kuwa mistari, na kilicho mbali, Chyulu na mawingu, hutoka safi. Kila picha ya dirishani iliyopigwa kwenye mwendo inapendelea mbali. Watu huishi karibu. Ndiyo sababu picha nyingi za Ukambani zina anga kubwa na milima mizuri na hazina uso wa mtu hata mmoja, na mtazamaji wa mbali huamini kwamba nchi ni tupu. Barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui, inayoziunganisha kaunti hizi mbili na kuuvuka mto Athi, imetiwa lami miaka ya karibuni. Zamani vumbi jekundu lilikaa juu ya madirisha kama pazia, na magari yalikwenda polepole. Sasa kioo ni safi na mwendo ni mkali. Sina hakika kwamba kwa upande wa kuona tumepata faida.

Nimefika kwenye jina la tendo lenyewe. Tunasema kupiga picha, na piga hii ni ile ya kupiga hodi, kupiga pasi na kupiga simu: kitenzi kinachofanya kazi popote, hakina maoni. Picha yenyewe tumeikopa kwa Waingereza, na imekuwa yetu kabisa. Ikiwa nzuri tunasema imetoka. Studioni utasikia, nimetoka vibaya, rudia. Napenda sana toka hii. Mtu anatoka kwenye kile chumba chenye giza, kupitia mlango wake mdogo, na anaweza kutoka vizuri au vibaya, bila yeye mwenyewe kubadilika. Wasemaji wa kawaida wamekubali tayari kwamba picha na mtu ni vitu viwili.

Lakini tunacho pia kitenzi sawiri, ambacho tumewaachia wahakiki wa fasihi peke yao. Mwandishi amemsawiri mwanamke kama mtu jasiri. Hakuna mwanafunzi anayesoma sentensi hiyo akadhani kwamba jasiri huyo alijitokeza mwenyewe kwenye ukurasa. Anajua kuna aliyechagua. Sawiri, taswira na sura ya uso zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kuumba umbo, na katika Kiarabu chenyewe jina la mpigapicha ni musawwir. Sipendekezi tuache kupiga picha. Hakuna atakayekubali, wala hakuna sababu. Napendekeza tuliazime sawiri kutoka kwa wahakiki pale tunapozungumzia picha inayodai kutuambia mahali fulani ni pa namna gani. Picha hii inasawiri Kitui kama nchi kavu. Sentensi hiyo inamrudisha mtu ndani ya picha, pamoja na kiti alichokalia.

Na kwa picha zilizopigwa kupitia kioo, jina liko tayari na halihitaji kamati: picha ya dirishani. Linaeleweka na abiria wa basi na mhariri wa gazeti vilevile. Linasema palikuwa na dirisha, kwa hiyo palikuwa na ndani na nje, na mpigapicha alikuwa ndani.

Basi wewe mhariri, wewe mwalimu unayesafiri na wanafunzi kwenda pwani, nawe uliyekaa upande wa kulia wa treni na simu mkononi: piga, usiache kupiga, maana nchi ya Makueni na Kitui inastahili kutazamwa. Chini ya picha andika kwamba ni ya dirishani. Taja mahali, mwezi na saa, na utumie ninaona pale ulipozoea kuandika inaonekana. Na ukipita juu ya mto wa mchanga bila kushuka, usiandike kwamba umekauka. Andika kwamba hukuona maji.